Swichi ya Klachi: Kutoka Singida hadi Manyoni na Kurudi

Wenzangu wa Mwankoko, tangu nirudi kila mmoja wenu ananiuliza habari za safari, na kila mmoja ameshasikia zake kabla hajaniuliza. Wengine mmesikia nilifungwa Manyoni. Ni kweli nilifungwa, ila kwa kosa la uandishi. Wengine mmesikia gari la Bwana Shauri liliua mtu Ikungi. Hilo si kweli, liliua vyungu. Nimechoka kueleza vipande vipande njiani, huyu mkia na huyu kichwa. Nitaeleza yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Kabla ya kuondoka

Gari lenyewe mnalijua. Ni lile jeusi la kabla ya vita, lenye kitufe cha stata mbele ya usukani. Ukikibonyeza injini inawaka. Breki yake ya mkono ilikufa zamani. Kwa hiyo Bwana Shauri wetu, yule Mzungu mkuu wa boma tunayemwita Bwana Mara Moja kwa kuwa kila kitu anakitaka mara moja, aliamuru kwamba gari likisimama niliache kwenye gia, lisije likateremka lenyewe. Mimi ni dereva. Naambiwa, natenda.

Lakini yeye alikuwa na mazoea yake. Asubuhi hupitisha mkono dirishani akiwa amesimama nje, anabonyeza stata, injini ipate moto huku yeye anamalizia chai. Sasa ukiwasha gari namna hiyo, gia imeingia na hakuna mguu uliokanyaga klachi kuitenga injini na magurudumu, gari halitawaka tu, litaondoka. Kwa miezi mingi nilikuwa nikimwahi. Nikisikia viatu vyake barazani nakimbia kutoa gia. Siku moja sikuwahi. Nilikuwa nyuma ya boma nachota maji ya rejeta. Mkono ukapita dirishani, gari likaruka, likamkuta Mzee Iddi, tarishi wetu, anakuja na barua zake, likambana kwenye ngazi za baraza. Mguu ukavunjika chini ya goti.

Taarifa iliandikwa siku ile ile. Ilisema gari liliondoka kwa sababu dereva aliliacha kwenye gia, na hilo ni kweli kabisa. Habari za mkono hazikuwamo. Mzee Iddi hakuulizwa kwa kuwa alikuwa hospitali, nami sikuulizwa kwa kuwa nilikuwa mshitakiwa.

Ikakatwa shauri hivi: gari lipelekwe Manyoni kwa fundi mmoja Singasinga, afunge swichi ya usalama ili stata isifanye kazi mpaka klachi ikanyagwe. Huyo fundi aandike pia kama gari ni bovu au zima. Likiwa bovu, kosa ni la gari. Likiwa zima, kosa ni langu: kazi imekwisha na leseni inachukuliwa. Leseni ile niliipata jeshini, vitani ng'ambo, kwenye nchi ambayo mvua hainyeshi, inamwagwa, na sina ujuzi mwingine wa kulisha watoto. Nilisimamishwa kazi hapo hapo. Lakini kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kuliendesha gari lile, kusimamishwa kwangu kuliahirishwa mpaka nitakaporudi.

Singida hadi Ikungi

Tulikuwa watatu. Mbele mimi na Karani Elia, Mnyiramba, kijana wa misheni, mtu wa tai hata Jumamosi. Ndiye aliyeiandika taarifa kwa kuambiwa maneno, na sasa ndiye mlinzi wangu, na barua zote ziko kwenye mkoba wake. Nyuma alilala Mzee Iddi, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya kiti. Hospitali ilikuwa imemruhusu, na kwa kuwa tarishi asiyetembea si tarishi, alikuwa anakwenda kukaa kwa binti yake Manyoni.

Mtanielewa nikisema sikujua nimtazame vipi. Tulipopita majabali ya nje ya mji nilijitia moyo.

"Baba," nikasema, "hukunikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi, Salehe?"

"Gari nililiacha kwenye gia."

"Unaliacha kwenye gia tangu mwaka juzi," akasema. "Mwaka juzi halikunivunja."

Karani Elia akakohoa. "Mzee, habari za ajali zimeshaandikwa. Si vizuri kuzizungumza."

"Nimesikia zimeandikwa. Naona mwenye mguu hakuhitajika."

Karani akafungua mkoba, akaufunga tena. Tukaendelea, matairi yakipiga ngoma kwenye mawimbi ya barabara, na kila tulipoanguka shimoni Mzee Iddi alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu anayetukana.

Ikungi

Tulifika Ikungi siku ya mnada na rejeta inachemka. Nikasimamisha gari pembeni, karibu na mama mmoja aliyepanga vyungu vyake chini, nikaingiza gia kama ilivyoamriwa, nikachukua debe kwenda kisimani. Nilimwambia Karani jambo moja tu: "Usiguse kitu."

Watu wakalizunguka gari. Gari la serikali, ndani yake mzee mwenye mguu mweupe, na nje yake kijana mwenye tai. Wakamwamkia kwa heshima, wakamwita bwana. Nadhani hapo ndipo kichwa kilipojaa. Mtu mmoja, kama nilivyosimuliwa baadaye, akamuuliza kama naye anaweza kuliwasha. Karani Elia akasema hilo ni jambo dogo. Akasimama vilevile anavyosimama Bwana Mara Moja, akapitisha mkono dirishani vilevile, akabonyeza.

Injini ilikuwa bado moto, ikashika papo hapo. Kutoka kisimani nilisikia mlio, halafu kelele, halafu sauti ya udongo unaovunjika, kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nikatupa debe nikakimbia. Gari lilikuwa limezimika katikati ya vyungu. Hakuna aliyeumia. Yule mama, anaitwa Mama Nyahiri, alikuwa ameshika mfuniko mmoja mkononi, anautazama kama anauliza ulikuwa wa chungu gani.

Na hapo, ndugu zangu, Karani Elia akanyoosha kidole kwangu, akasema kwa sauti ya kiofisi: "Dereva aliliacha kwenye gia."

Maneno yale yale! Mama Nyahiri ndiye aliyemjibu.

"Huyu alikuwa kisimani," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa hapa. Nimeuona mkono wako wewe."

"Mama, hujui mambo ya magari."

"Ya magari sijui. Mkono naujua."

Nyuma ya gari ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa miaka yote ya kufanya kazi naye. Mzee Iddi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika plasta kwa maumivu, kisha akazungumza na Mama Nyahiri kwa Kinyaturu, kirefu, akionyesha dirisha, akionyesha mguu, akionyesha tai ya Karani. Watu wote wakageuka kumtazama Karani Elia. Yeye Kinyaturu hakijui, lakini macho aliyaelewa.

Mama Nyahiri hakutaka malipo. Alisema ametembea tangu alfajiri na vyungu vyake kichwani, na nusu iliyobaki ataiuza, ila shingo na sauti yake vimechoka kwa mshituko. Kwa hiyo kijana atauza badala yake. Karani akatutazama kutafuta msaada. Mzee Iddi alikuwa anakula karanga alizopewa na watu, nami nikakumbuka debe langu kisimani.

Basi mchana kutwa Karani wa boma, na tai yake, alikaa chini kati ya vyungu akiita wateja. Mwanzoni aliita kwa sauti ya kusoma shairi la shule. Akina mama wakamfundisha. Ilipofika alasiri alikuwa anagonga chungu kwa kidole karibu na sikio la mteja na kusema, "Sikia, mama, huu si mlio wa ufa." Akavimaliza vyote. Mama Nyahiri akatuletea ugali wa uwele na mlenda, tukala wote sinia moja, na Karani, ambaye kule bomani hula peke yake kwa kijiko, alinawa mkono.

Ikungi hadi Manyoni

Kesho yake mvua ikatukuta kwenye mbuga, na udongo mweusi mnaujua wenyewe. Tulizama mara tatu. Mara ya tatu tulikaa tangu asubuhi mpaka wakapita wachunga ng'ombe wawili. Walilitazama gari, wakanitazama mimi, wakauliza linakula nini. Nikasema petroli. Wakauliza kama limekataa kula. Nikasema hapana, limeshiba, limekwama. Wakaona hilo ni jambo la kueleweka, wakafunga ng'ombe wanne mbele, wakatutoa. Mmoja akaniambia kwa huruma kwamba kama tungekuwa na hao ng'ombe tangu Singida tungefika zamani.

Ni pale matopeni Karani Elia alipozungumza. Alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, viatu mkononi.

"Salehe, kaka," akasema. "Mimi niliandika nilivyoambiwa."

"Najua."

"Nilijua habari za mkono. Niliuona kupitia dirisha la ofisi. Nilijisemea, labda alikuwa anatafuta kofia yake."

"Kila siku?"

Akafuta kiatu kwa nyasi, upande ambao hata haukuwa na tope.

Manyoni

Sasa nakuja kwenye kufungwa kwangu. Gari la wilaya nyingine likiingia Manyoni huripotiwa bomani, kwa polisi. Karani alishuka kwa binti wa Mzee Iddi ili amsaidie mzee kuingia ndani, akanipa barua nikaliripoti gari mwenyewe. Barua ya Bwana Mara Moja ilikuwa ya Kiingereza. Karani alikuwa ameitafsiri kwa ajili ya polisi. Na mnajua sisi watu wa bara, tukijisahau gari kwetu ni "yeye": gari amekuja, gari amekwama. Karani naye, pamoja na shule yake yote, akaandika hivi: "Naleta dereva na gari. Tafadhali afungwe swichi ya usalama kabla ya kurudishwa Singida."

Koplo wa zamu aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndimi."

"Umefanya nini huko kwenu?"

"Nimeambiwa niliacha gari kwenye gia."

Akatikisa kichwa. "Imeandikwa ufungwe."

"Si mimi, afande. Ni gari."

"Gari hufungwa? Gari ni 'lifungwe'. Hapa pameandikwa 'afungwe'. Mwenye 'a' hapa ni nani zaidi yako?"

Nikaeleza habari za swichi. Alinisikiliza vizuri, mtu mwenye adabu, halafu akanyanyuka kuzunguka kituo chote, akarudi akiwa na wasiwasi. "Swichi ya usalama hatuna," akasema. "Tuna mahabusu ya kawaida. Utavumilia."

Nikavumilia tangu saa nne mpaka saa nane. Mle ndani nilimkuta mtu mmoja aliyeshikwa kwa kutembea bila stakabadhi ya kodi, naye akaniuliza kosa langu. Nikasema, "Herufi." Akasogea mbali kidogo. Koplo alinipa uji wake mwenyewe, mtamu, wenye karanga, na kila alipopita alinitazama kwa masikitiko kwa kuwa hakutimiza agizo sawasawa.

Karani Elia alipofika na kuelewa, uso wake ulibadilika rangi. Koplo akamwelekeza makosa yake mbele ya askari wote, neno kwa neno, akimrudishia barua aiandike upya. Akaiandika amesimama. Wakati wa kutoka nilimwona anaitazama ile karatasi ya zamani, ile "a" yake ndogo iliyomtia mtu ndani.

Fundi alikuwa mzee, ndevu nyeupe, kilemba safi juu ya nguo zenye grisi. Anaitwa Jagat. Hakusalimia sana. Aliingia chini ya usukani, akatoka.

"Kazi ndogo," akasema. "Lakini kazi safi."

Alikata kipande cha shaba kutoka kwenye taa kuukuu, akakiunga na springi, akakifunga chini ya pedeli ya klachi. Waya wa stata akaukata, ncha moja akaileta kwenye shaba, nyingine kwenye bati lililo chini yake. Pedeli ikiwa juu, ncha hazikutani, na kitufe cha stata ni kama kifungo cha koti. Pedeli ikikanyagwa mpaka mwisho, shaba inagusa bati, umeme unapita, stata inazunguka; na kwa kuwa klachi imekanyagwa, gari haliendi popote. Nilimshikia taa, na nawaambia kweli, nilifurahi. Kitu kidogo namna ile, na mguu wa Mzee Iddi ungekuwa mzima.

Alijaribu mara nyingi. Bila klachi, kimya. Kwa klachi, injini inaimba. Kisha akanawa, akatupa chai yenye tangawizi na chapati za mke wake, akachukua kalamu.

"Naandika: gari zima."

Nikairudisha chapati sahanini. Nikamweleza yote, kwamba likiwa zima mimi sina kazi. "Mzee wangu, andika lina ubovu kidogo tu. Breki ya mkono haipo, si ubovu huo?"

"Breki mbovu naandika. Lakini breki haikuwasha injini. Gari limeambiwa enda, limekwenda. Mimi miaka thelathini sijaandika uongo juu ya gari. Gari haiwezi kujitetea."

"Na mimi?"

Akanitazama, halafu akamtazama Karani Elia kwa muda. "Wewe una mdomo. Na huyu ana kalamu. Kwa nini mnataka yangu?"

Karani akaweka kikombe chini chai ikiwa nusu, akachukua mkoba wake akatoka. Nilidhani amekasirika. Nilimkuta jioni kwa binti wa Mzee Iddi, amekaa kwenye kigoda mkekani, anaandika. Mzee Iddi anasema polepole, yeye anamsomea kila sentensi, na mzee anasahihisha. "Si mkono wa kushoto. Andika wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na kikombe." Karani akaandika kikombe. Mwisho mzee akaweka dole gumba. Karani akaweka jina lake chini kama shahidi, lote, pamoja na la ubatizo, na chini yake akaongeza mstari mmoja: kwamba yeye naye aliuona ule mkono.

Kurudi Singida

Njiani tulisimama Ikungi kumsalimu Mama Nyahiri, akatupa kibuyu cha maziwa ya mgando, akamuuliza Karani kama amepata kazi nyingine, maana ile ya vyungu bado iko wazi. Yeye hakucheka. "Huenda nikaja," akasema.

Bwana Mara Moja alitupokea barazani. Akasoma ya fundi kwanza. "Gari zima," akasema. "Basi, kosa ya dereva. Imekwisha."

Karani Elia akaweka karatasi ya pili mezani. Bwana akaisoma. Akarudi mwanzo akaisoma tena, na masikio yakaiva. Hakumkaripia mtu. Alichukua kofia, akasema anakwenda nyumbani kula, akateremka ngazi, na kwa hasira au kwa mazoea, sijui, akapitisha mkono dirishani akabonyeza stata.

Kimya. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa ngumi. Watu walikuwa wengi barazani siku ile, wenye kesi na wasio na kesi.

"Imekufa!" akapiga kelele. "Fundi ameiua!"

"Hapana, bwana," Karani akasema kutoka juu. "Siku hizi lazima mtu aingie ndani, akae, akanyage klachi."

Hapakuwa na aliyecheka. Waliinamisha vichwa tu, wote kwa pamoja, wakitazama vidole vyao vya miguu. Bwana akaenda nyumbani kwa miguu.

Asubuhi yake aliagiza ile karatasi iwekwe chini kabisa ya faili. Faili lilikuwa linakwenda Dodoma kwa Bwana Mkubwa wa Jimbo. Karani Elia ndiye aliyelifunga kamba. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba ameiweka juu.

Tulingoja wiki nyingi, mimi bado nikiendesha huku nimesimamishwa. Karani, akijua anaweza kufukuzwa, alikuwa ameanza kupeleka vitu vyake nyumbani kwao Kiomboi kidogo kidogo. Hatimaye jibu likaja, naye akanisomea. Lilisema baada ya kuchunguza kwa makini, imeonekana kwamba ajali ilisababishwa na swichi ambayo siku ya ajali haikuwapo. Ndiyo iliyopatikana na hatia. Dereva arudi kazini. Tarishi arudi pia, apewe kazi ya kukaa, ya kupanga barua. Na kuanzia sasa gari la serikali liwashwe na dereva peke yake. Jina la mtu mwingine halikutajwa popote.

Nilitumwa Manyoni kumchukua Mzee Iddi. Safari hiyo haina cha kusimulia. Barabara ilikuwa kavu na koplo aliniamkia kama rafiki. Tuliingia bomani mchana, watu wote wamesimama barazani. Mzee alishuka kwa fimbo, akakataa kushikwa. Bwana Mara Moja alikuwa juu ya ngazi. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Alifungua mdomo kama mtu anayetafuta neno kwenye mfuko wa koti jingine. Kwa miaka yote alikuwa akimwita "wewe".

"Shikamoo, mzee," akasema.

Mzee Iddi akasimama, akapumua, akamtazama mpaka juu.

"Marahaba," akajibu, akaanza kupanda ngazi.